Kamba ya Msumari wa Kwanza na Somo la Ukurasa wa 143

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Wanafunzi Wageni,
Chuo Kikuu anakosoma binti yangu.

Mheshimiwa Mkuu,

YAH: KUMWONDOA BINTI YANGU KATIKA SOMO LA UKURASA WA 143, NA KURUDISHIWA KAMBA YANGU

Natumaini barua hii imekukuta mzima, umeketi, na huna chai ya moto mkononi, maana yaliyomo ni mazito. Mimi ni baba wa yule msichana mrefu wa ufamasia aliyekuja kwenu kwa mwaka mmoja, katika mpango wa kubadilishana wanafunzi baina ya chuo chake cha huku na chenu. Tuliambiwa ni kubadilishana, ingawa mpaka leo sijamwona huyo mliyetuletea sisi.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Ukurasa wa 88 wa kitabu chenu cha masomo unasema Kiswahili kinafundishwa hapo chuoni, kwa hiyo wasomaji mnao. Kama hawawezi kusoma barua ya mzazi, hilo ni lalamiko jingine na nitaliandikia barua yake.

Kazi yangu ni ushonaji. Nina cherehani ya kukanyaga, kibaraza kilichoezekwa bati, na ukuta wenye misumari mia moja na sitini. Ukuta huo nitaueleza mbele, kwa sababu ndiko msiba ulikoanzia. Kwanza niyapange malalamiko yangu kwa namba, kama alivyonishauri Mwalimu Mstaafu, jirani yetu, ambaye pia ndiye anayesahihisha barua hii.

1. WINGI WA MASOMO. Mlituletea kitabu cha masomo yaliyo wazi kwa wanafunzi wageni, kurasa mia mbili na kumi na mbili. Mheshimiwa, mgeni akifika na njaa hupewa sahani, haulizwi maswali mia mbili. Ilibidi tuitishe kikao cha familia. Mjomba wake binti, ambaye tunamwita Mwenyekiti kwa sababu hajawahi kuingia kikaoni asikiongoze, alikaa mbele. Shangazi yake alikaa karibu na mlango kwa ajili ya goti. Mwalimu Mstaafu alisoma kwa sauti huku akitutafsiria, kuanzia saa tatu asubuhi, na ilipofika saa nane mchana alikuwa ukurasa wa 31. Tulikuwa tumeshapita Historia ya Kiti, na jingine liitwalo Utangulizi wa Ukimya, ambalo shangazi alisema lingemfaa sana Mwenyekiti.

Kila mwanafunzi alitakiwa achague masomo matano. Tukagawana kwa haki. Mwenyekiti alichukua Sheria za Mipaka ya Ardhi, kwa kuwa jirani yake amejenga choo kikaingia hatua mbili katika kiwanja chake, na anahitaji mtu wa ndani mwenye elimu. Shangazi alichukua Magonjwa ya Viungo. Mimi nilichukua Kemia ya Dawa, maana ndiyo iliyompeleka huko. Mwalimu Mstaafu alichukua la nne, nalo nitalitolea lalamiko lake hapo chini. Likabaki moja. Binti mwenyewe alikuwa amekaa kwenye mkeka, kimya tangu asubuhi, ananitazama. Nikalainika. Nikasema hilo la tano achague anachotaka.

Hapo ndipo nilipoteleza, na kuteleza kweli si kuanguka, lakini mimi nilianguka. Mtoto hakufungua hata kitabu. Alitaja ukurasa wa 143 kwa kichwa.

2. MAKSI SABINI NA MOJA. Hoja ya Mwalimu Mstaafu ilikuwa ya kivita. Alisema kati ya masomo yote mliyonayo, limo Kiswahili kwa Wanaoanza, na binti yetu ameshaanza tangu akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Achukue hilo, apate mia kwa mia, limbebee mengine. Tulimpigia makofi.

Amepata sabini na moja. Maelezo mliyotoa ni kwamba anaongea haraka mno, anatumia methali pasipohitajika, na alipotakiwa amsalimie mwenzake kwa sentensi mbili alichukua dakika sita, akauliza mpaka habari za ng'ombe. Mheshimiwa, hiyo ndiyo salamu yenyewe! Mwalimu Mstaafu, ambaye ndiye aliyemfundisha kusoma na kuandika, hakula siku mbili. Naomba jina la huyo aliyepata mia, na nijue anasalimia vipi.

3. SOMO LENYEWE. Ukurasa wa 143 unaliita Mikono Inayokumbuka: Ufundi Usioandikwa. Mwanzoni nilidhani ni mambo ya upasuaji, nikafurahi. Kumbe wanafunzi wanakaa darasani wakijifunza kusuka vikapu, kufinyanga, na kushona. Kushona, Mheshimiwa!

Naomba unielewe vizuri hapa. Binti yangu alipofikisha miaka kumi na miwili nilimkuta kwenye cherehani yangu, anashona mfuko wa daftari, mshono umenyooka kuliko wa vijana ninaowalipa. Nilimwondoa. Nikamwambia kuanzia siku hiyo akiigusa tena cherehani atanijua mimi ni nani. Si kwamba ninaidharau kazi yangu. Macho yangu yameanza kuniaga, mgongo umepinda mfano wa kiango cha nguo, na kidole changu cha shahada kimeshatobolewa na sindano mara tatu, mpaka kwenye mfupa. Nilikanyaga pedeli miaka yote hiyo ili yeye akasimame nyuma ya kaunta ya dawa, amevaa koti jeupe alilolishona mtu mwingine. Nimemvusha bahari na milima awe mbali na cherehani, nanyi mmemngoja ng'ambo na cherehani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi ya tatu mmempa sindano.

Tena mantiki yenu inanichanganya. Kama ushonaji wa kibarazani kwangu ni somo la chuo kikuu, basi kibaraza changu ni chuo kikuu, na mimi nimempeleka mtoto mbali akasome kilichokuwa mita nne kutoka kitandani kwake. Tukiendelea hivyo, hamna budi kunihamishia wanafunzi wenu wote, nami nitahitaji mabenchi.

4. KUFANYWA MIMI KUWA KAZI YA NYUMBANI. Mwalimu wa somo hilo aliwaagiza wanafunzi watafute fundi wanayemfahamu na wamhoji. Kila Jumanne, saa nne asubuhi, binti ananipigia kwa simu ya picha, na nyuma yake wamepangana wenzake kumi na wanne wakiitazama miguu yangu. Wameniuliza kwa nini ninabana pini mdomoni. Wameniuliza ninajuaje pa kukata ukosi bila kuchora kwenye karatasi. Nimewajibu kwamba ninajua kwa sababu ninajua, na wote wakainama wakaandika. Jumanne moja muuza nyama alikuwa kwenye kibaraza changu anajaribu suruali isiyopindwa, mguu mmoja ndani mmoja nje, na darasa zima likamwona. Tangu siku hiyo ananipimia mifupa mitupu.

Halafu binti akaandika insha ya kurasa kumi na nane juu yangu. Humo ninaitwa mwanazuoni. Mwalimu Mstaafu aliisoma kibarazani mbele ya wateja, kwa sauti ileile ya kikao, na kufikia jioni mtaa wote ulikuwa unaniita Profesa. Juzi mama mmoja alileta gauni la kubadilisha zipu, akasimama uani, akaniuliza kama Profesa bado anapokea zipu. Naye Mwenyekiti amenuna. Anataka kujua kwa nini kurasa zote kumi na nane hazitaji hata mara moja ukoo wa upande wa mama.

Katika hilo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, Mwenyekiti ana haki. Na hapo ndipo ninapofika kwenye lalamiko ambalo kwa ajili yake nimenunua bahasha.

5. KAMBA. Mimi situmii tepu. Marehemu fundi aliyenifundisha hakutumia tepu, nami sikuona sababu ya kuwa mjuaji kuliko yeye. Kila mteja wangu nampima kwa kamba nyembamba ya pamba, yake peke yake. Fundo la kwanza ni bega, la pili kifua, la tatu kiuno, la nne nyonga, la tano mkono, na mwisho wa kamba ni urefu. Kwenye ncha ninafunga kipande cha kitambaa cha nguo ya kwanza niliyomshonea, nisije nikamkosea mwenyewe. Kisha ninaitundika kwenye msumari wake. Mteja akinenepa au akikonda, ninafungua fundo na kulisogeza. Ukutani kwangu hakuna anayedanganya kuhusu mwili wake.

Msumari wa kwanza, ule wa juu karibu na dirisha, ni wa mama yake binti. Kipande chake ni cha kijani chenye vidoa vyeupe. Alikuwa mteja wangu wa kwanza kabla hajawa mke wangu, na alifariki binti akiwa na miezi minne. Kamba ile siishiki. Ninaiangalia tu ninapopandisha macho kutia uzi kwenye sindano.

Mwezi uliopita nilitaka kupaka ukuta chokaa, ikabidi nishushe kamba zote. Nilipoishika ya kwanza vidole vyangu vikakataa. Ilikuwa kamba mpya. Imechovywa kwenye chai ya rangi ionekane kuukuu, na imefungwa mafundo matano ya mtu aliyekuwa na haraka ya kuwahi safari. Kipande cha kijani kilikuwa cha kweli, nusu yake, kimekatwa katikati kwa mkasi wangu mwenyewe.

Nilimpigia simu. Hakukana. Alisema ukurasa wa 143 ulieleza tangu kabla ya safari kwamba kila mmoja atashona kitu kimoja kutokana na kumbukumbu ya nyumbani, bila maandishi yoyote, na ndicho kitakuwa mtihani wao. Nikamuuliza kwa nini asichukue kamba yangu, au ya shangazi yake, au ya muuza nyama. Kisha akasema, "Baba, kila nikikuuliza mama alikuwaje unaniambia nimalize shule. Sasa shule inakaribia kwisha, na ninachokijua mimi ni urefu wake tu."

Nilimwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika, Mheshimiwa. Nilikaa kwenye cherehani mpaka adhuhuri bila kukanyaga pedeli, na nilikasirika kama sijawahi kukasirika, na kwa kuwa siwezi kumkasirikia yeye, nimewakasirikia ninyi.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, ninadai yafuatayo. Binti yangu aondolewe mara moja katika somo la ukurasa wa 143, apewe badala yake lolote la dawa, hata kama ni la dawa za mifugo. Kamba irudishwe kwa posta ya haraka, isikunjwe, isifungwe na gundi, na mtu yeyote asifungue fundo lake lolote kwa ajili ya utafiti. Somo lenyewe ama mlifute, ama mlihamishie ukurasa wa 200 na kitu, ambako kwa mwendo wa Mwalimu Mstaafu hakuna familia itakayofika. Na niandikiwe maelezo ya ile sabini na moja. Nisipojibiwa kabla ya mwezi kwisha nitalipeleka suala hili kwenye kikao cha familia, na ninakuonya kwamba Mwenyekiti akishika nafasi ya kuongea huwa haiachii.

Nisalimie wote hapo ofisini. Msalimie mlinzi wa lango, ambaye binti anasema humfungulia mlango hata akichelewa. Wasalimie wapishi wa bwalo, na yule mama wa maktaba aliyemwazima koti la baridi. Mwambie koti hilo nililiona kwenye simu, mkono wa kushoto umefumuka bitana, binti amshonee. Hapana, asimshonee. Amtafutie fundi. Mwalimu wa ukurasa wa 143 salamu zangu zisimfikie.

Ni mimi, mzazi aliyekosewa,

Fundi wa Kibarazani
(anayeitwa Profesa bila ridhaa yake)

NYONGEZA. Barua hii ilikuwa imeshabandikwa stempu leo asubuhi, kijana wa posta alipoleta kifurushi chenye muhuri wa ofisi yako. Ilinipasa niandike nyingine, lakini Mwalimu Mstaafu ameisahihisha hii mara nne, na nikimwambia tunaanza upya atalazwa. Basi soma na haya.

Ndani ya kifurushi kulikuwa na kamba, imewekwa kwenye kifuko kidogo, haikukunjwa. Kulikuwa na gauni la kitambaa cha kijani chenye vidoa vyeupe. Sijui kitambaa kile alikipata duka gani. Na kulikuwa na karatasi ya maksi za mtihani, ambayo binti amenitafsiria kwa penseli pembeni, neno kwa neno, hata pale panapomuumiza. Mimi nilianza na karatasi, ndivyo nilivyo. Mwalimu wenu amempa sitini na nne. Bega sawa. Kifua sawa. Mkono sawa, na ameusifu. Kisha kwa wino mwekundu: kiuno kina kosa kubwa la kipimo, hakilingani na sehemu nyingine za mwili, inaelekea mwanafunzi hakuisoma vizuri kamba.

Nikalitandika gauni juu ya meza ya kukatia. Na kweli, kiuno kilikuwa kipana mno. Nikasema moyoni, ndiyo hasara ya kumkataza cherehani tangu utotoni. Nikaichukua kamba kwa mikono yangu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na moja, nikapima fundo la tatu.

Hakuna kosa, Mheshimiwa. Hata la upana wa uzi.

Mara ya mwisho kumpima alikuwa amesimama pale karibu na dirisha, mimba ya miezi saba, anacheka kwa sababu kamba inamtekenya. Alitaka gauni la siku za mwisho. Nililisogeza fundo la tatu mbali na mahali pake, nikamwambia akishajifungua nitalirudisha. Akaniambia nisiwe na haraka, huyu mpangaji bado hajamaliza kukua. Gauni lile sikuwahi kulishona, kazi zilinizidi, nikasema baadaye. Alipojifungua alikuwa mgonjwa, sikumpima. Baada ya miezi minne hapakuwa na wa kumpima. Fundo nikaliacha.

Binti yangu hakuyajua haya, kwa sababu mwenye kumwambia ni mimi, na mimi nilimwambia amalize shule. Ameisoma kamba kama ilivyo akaishona kama ilivyo. Ameshona gauni la kumtosha mama yake, na yeye mwenyewe akiwa ndani.

Kwa hiyo naomba lalamiko la tatu, la nne na la tano yahesabiwe kuwa hayajaandikwa. Binti asiondolewe katika somo hilo. Somo lisihamishwe ukurasa. Ila nina lalamiko jipya, nalo ni zito kuliko yote: maksi za kiuno arudishiwe, zote. Kama mwalimu anabisha, Jumanne saa nne nitakuwa kwenye simu, nitavaa koti, na wanafunzi wote kumi na wanne waje na kalamu. Salamu zangu sasa zimfikie. Ya mama wa maktaba pia nimebadili, koti lake amshonee binti.

Lalamiko la pili linabaki palepale. Sabini na moja ni uonevu.

Yeyote atakayekutafsiria barua hii, mwambie asimdokeze binti. Nitampigia mwenyewe leo, mtandao hautakatika. Gauni nimelitundika kwenye msumari wa kwanza. Kamba namrudishia ndani ya bahasha hii hii, mpe mkononi, ni yake. Mwambie fundo la tatu asilisogeze.